Panya arobaini na boksi moja

Mjomba wangu huuza mukombero kwenye steji ya Chavakali, kaunti ya Vihiga. Mizizi ya rangi ya maziwa yaliyolala, imefungwa vifurushi vya shilingi 50, karanga za kukaanga kando yake. Ukiutafuna unaanza na utamu kama wa vanila, halafu uchungu unakufuata nyuma ya ulimi. Wateja wake wengi ni wanaume, na hawaufuati kwa sababu ya harufu.

Kwa hiyo nilipotakiwa kuleta wazo la utafiti wa shahada ya uzamili, sikuhangaika. Nitawanywesha panya madume dondoo ya mukombero, nitapima testosteroni, homoni ya kiume, kwenye damu yao, nijue kama wateja wa mjomba wanapata thamani ya pesa zao. Wazo lenyewe halikuwa geni: watafiti wa Kameruni walishaujaribu mmea huu, Mondia whitei, kwa panya wakubwa wa maabara zaidi ya miaka 20 iliyopita. Mimi nilitaka kutumia panya wadogo weupe kwa sababu ni rahisi kuwatunza na chakula chao hakimalizi pesa.

Nilidhani kazi ngumu ingekuwa kibali. Leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), kamati ya maadili ya wanyama, fomu juu ya fomu. Hayo yote yalichukua miezi minne na nikayaona ndiyo mlima. Kupima homoni nilikuona kama kupima mimba nyumbani: unatia, unangoja, unasoma. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye sasa hivi anafikiri hivyo hivyo.

Boksi la vitendanishi vya ELISA, kipimo kinachosoma homoni kwa rangi, lilinigharimu shilingi 72,000 pamoja na nauli ya ndege na barafu. Nusu ilitoka kwenye mkopo wa sacco ambao nimeumaliza juzi tu. Nilipiga simu kwa muuzaji, nikamwuliza swali moja tu: inapima testosteroni ya panya? Akajibu bila kuvuta pumzi kwamba inapima ya mnyama yeyote. Na kwa namna fulani hakudanganya. Testosteroni ni ile ile kwa mjomba wangu, kwa ng'ombe na kwa panya, molekuli haibadiliki. Kinachobadilika ni damu inayoizunguka, na hilo sikuliuliza.

Kijitabu kilichokuja na boksi kilieleza wazi kwamba kipimo kilijaribiwa kwa seramu ya binadamu, yale maji yanayobaki damu ikishaganda. Nilikisoma baada ya kulipa. Binadamu ana protini kwenye damu inayoishika testosteroni na kutembea nayo, na watengenezaji huweka kemikali ya kuilazimisha iiachie. Panya aliyekomaa hana protini hiyo kwenye damu yake. Mafuta yake ni mengine, protini zake ni nyingine, na vile viwango vya kulinganishia, testosteroni ya kiasi kinachojulikana, vimeyeyushwa kwenye kimiminika kisichofanana na seramu ya panya hata kidogo. Kama ningeweza kurudi kwenye simu ile ningeuliza: nani ameshatumia boksi hili kwa seramu ya panya mdogo na akapata nini? Linahitaji maikrolita ngapi, yaani sehemu za elfu moja za mililita, kwa kila kishimo cha sahani ya kupimia? Homoni inatakiwa kuchujwa kwanza kutoka kwenye seramu au inaingia hivyo hivyo? Kiasi cha chini kabisa linachoweza kuona ni kipi? Na kingamwili yake, ile protini inayoishika homoni, inachanganya testosteroni na ndugu yake gani? Muuzaji asiyeweza kujibu, mwombe namba ya anayeweza. Ukiona anakwepa, shika pesa zako.

Swali la maikrolita si dogo. Panya wa gramu 25 ana damu isiyofika mililita mbili mwili mzima. Ukimtoa yote akiwa kwenye usingizi mzito wa dawa, kwa sindano ya moyo, ukifanikiwa unapata kama mililita moja, na ikishaganda na kuzungushwa kwenye mashine unabaki na seramu ya maikrolita 300 hadi 400. Mimi mara nyingi sikufika 200. Boksi lilitaka 50 kwa kishimo, vishimo viwili kwa kila panya. Hesabu ikatosha mara moja, na kurudia kipimo kukawa ndoto.

Nilikuwa na madume 40, makundi manne ya kumi kumi: moja linapewa maji, matatu yanapewa dozi ndogo, ya kati na kubwa, kwa wiki nne. Vizimba vinane, panya watano kila kimoja. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikusoma, kwamba ukiweka madume watano pamoja umeanzisha serikali. Mmoja anakuwa mbabe, wengine wanang'atwa migongo, na testosteroni inafuata siasa za kizimba. Hata bila siasa, homoni hii kwa panya dume hutoka kwa mawimbi. Katika kundi moja lenye umri mmoja na chakula kimoja, unaweza kumkuta mmoja yuko chini ya nanogramu moja kwa mililita na jirani yake amepita ishirini. Kwa mwanamume mzima tunazungumzia nanogramu tatu hadi kumi, kwa hiyo nilitarajia panya nao wakae kwenye foleni iliyonyooka namna hiyo. Panya hawakai kwenye foleni.

Siku ya kutoa damu nilifika saa moja asubuhi. Nilianza na kundi la maji kwa kuwa vizimba vyake vilikuwa karibu na mlango. Nikaenda dozi ndogo, nikaenda ya kati, nikala mandazi nimesimama, nikamalizia dozi kubwa saa tisa na nusu alasiri mikono ikitetemeka. Niliona nimefanya kazi kwa mpangilio mzuri. Kumbuka mpangilio huo, utarudi.

Mirija sita hivi ilikuwa na seramu nyekundu kwa sababu nilivuta sindano kwa pupa na chembe za damu zikapasuka. Nilizitumia. Usiku wa pili stima ilipotea na jenereta haikuwaka hadi asubuhi. Barafu ya friza ikawa maji, kisha ikawa barafu tena. Nilizitumia hizo pia. Testosteroni ni ngumu kiasi, haiharibiki upesi kama homoni za protini, ndivyo nilivyojifariji. Ila nilikuwa nimeweka seramu yote ya kila panya kwenye mrija mmoja, hivyo kila kitu kiliyeyuka pamoja. Gawa seramu kwenye mirija midogo siku ile ile unapoipata. Ni kazi ya nusu saa.

Sasa sahani. Sahani ya ELISA ina vishimo 96. Viwango saba mara mbili ni 14, panya 40 mara mbili ni 80, jumla 94. Nilijipongeza kwamba sikupoteza nafasi. Ndani ya boksi kulikuwa na vichupa viwili vya udhibiti, seramu ambazo jibu lake linajulikana, uzipime uone kama siku hiyo kipimo kiko sawa. Nafasi ya kuvirudia haikuwepo, nikaviacha kwenye friji. Nilikuwa kama mpishi anayeona chumvi imechukua nafasi ya nyama.

Nikapanga viwango safu ya kwanza na ya pili kushoto, kundi la maji likafuata, kisha dozi ndogo, ya kati, na kubwa mwisho kulia. Kwa nini? Kwa sababu daftari langu lilikuwa limepangwa hivyo.

Hapa nieleze kidogo jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana nilikitumia miezi kadhaa bila kukielewa. Testosteroni ni molekuli ndogo mno, haina nafasi ya kushikwa na kingamwili mbili kwa wakati mmoja kama inavyofanyika kwa homoni kubwa. Kwa hiyo wanaweka mashindano. Chini ya kila kishimo kuna kingamwili chache zinazoshika testosteroni. Unatia seramu yako, halafu unatia testosteroni ya bandia iliyofungwa kimeng'enya mkiani. Zote mbili zinagombea viti vilevile. Unaosha, unatia dawa ya rangi, na kile kimeng'enya kilichopata kiti kinageuza dawa kuwa ya buluu. Ukitia asidi inakuwa njano, na mashine inasoma. Mchezo huu wa kugombea viti waliuanzisha Rosalyn Yalow na Solomon Berson huko Bronx, New York, mwishoni mwa miaka ya 1950, wakipima insulini kwa mionzi badala ya rangi. Berson alifariki 1972, na mwaka 1977 Yalow akapewa Tuzo ya Nobel. Kimeng'enya kuchukua nafasi ya mionzi kulikuja 1971, kazi ya Eva Engvall na Peter Perlmann kule Stockholm na wengine wawili Uholanzi waliofika hapo kwa njia yao.

Basi siku yenyewe, vishimo vikageuka njano, na macho yangu yakaona jambo ambalo hata mtoto angeliona: kushoto njano iliyoiva, kulia njano ya kupauka. Kundi la maji limekolea, dozi kubwa imefifia. Nikaketi kwenye kibao. Mukombero unashusha testosteroni. Nitamwambia nini mjomba?

Mzee wa maabara, aliyefanya kazi pale tangu mimi sijazaliwa, alikuwa anaosha chupa. Akasogea, akatazama.

"Binti yangu, mbona umenuna?"

"Mzee, dawa imeua homoni. Angalia rangi."

Akacheka hadi akashika meza. "Hapa rangi ni adui. Penye homoni nyingi, ya bandia inakosa kiti, rangi inapungua. Kilichopauka ndicho kimejaa."

Nilikuwa nimeandika kwenye pendekezo langu, kwa mkono wangu mwenyewe, kwamba kipimo ni cha mashindano. Kuandika na kuelewa ni watu wawili tofauti. Nikarukaruka. Nilipochora viwango kwenye Excel na kupitisha mstari ulionyooka, matokeo yalipanda kama ngazi: maji chini, dozi ndogo juu kidogo, ya kati juu yake, kubwa juu kabisa. Usiku ule nilipiga simu nyumbani. Nikaanza kuandika muhtasari wa kupeleka kwenye kongamano. Na mjomba, ambaye hakuelewa neno hata moja isipokuwa "umepanda", asubuhi iliyofuata alikuwa akiwaambia wateja steji nzima kwamba mtoto wao amethibitisha Nairobi.

Siku tano baadaye nilipeleka mchoro kwa msimamizi wangu, Mzee akiwa ameitwa kuleta vipuri vya pipeti, kile kifaa cha kunyonya na kutia majimaji kwa kipimo. Daktari aliusoma muda mrefu. Hakusema ni mzuri wala ni mbaya. Aliuliza, "Damu ulianza na kundi gani?" Nikajibu. "Na ukamaliza saa ngapi?" Nikajibu. Mzee naye, huku ameinama, akaongeza la kwake: "Dawa ya rangi uliitia kwa pipeti gani?"

Nilijua kabla sijafungua mdomo. Dawa ya rangi nilikuwa nimeitia kishimo kimoja kimoja, kushoto kwenda kulia, ikanichukua kama dakika sita. Asidi ya kusimamisha niliogopa kuchelewa, nikaazima pipeti ya midomo minane, nikamaliza chini ya dakika moja. Maana yake vishimo vya kushoto vilikaa na dawa zaidi ya dakika 15 na vya kulia vilikaa tisa au kumi. Vya kulia vilipauka kwa sababu havikupewa muda. Na kupauka, kwenye kipimo hiki, husomeka kama homoni nyingi. Ngazi yangu nzuri ilijengwa na mwendo wa mkono wangu.

Kama hilo halikutosha, kundi la maji lilitolewa damu saa moja asubuhi likiwa limetulia, na dozi kubwa ilikaa chumba kilekile saa nane nzima ikisikia wenzake wakitolewa na harufu ya damu ikizidi. Dume wa saa tisa alasiri baada ya siku kama hiyo si dume yule wa asubuhi. Hata kama mkono wangu ungekuwa wa mashine, nisingeweza kutenganisha mukombero na saa.

Daktari hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Hawa arobaini hawatatuambia kitu," akanirudishia karatasi.

Nililia, ndiyo, lakini si kwa ajili ya shahada. Nilikuwa nimewashika mmoja mmoja, nikijua yule mwenye sikio lililokatika na yule aliyependa kujificha ndani ya karatasi. Kwenye fomu ya maadili nilikuwa nimenakili kwa ufasaha kanuni tatu za Russell na Burch za mwaka 1959 kuhusu wanyama wa utafiti: badilisha, punguza, boresha. Halafu nikawaua 40 kwa swali ambalo nililiharibu kabla sijaliuliza. Hilo limekaa nami. Sidhani linatakiwa liondoke.

Mwezi mzima sikugusa panya. Nilichofanya ni kukijaribu kipimo chenyewe, kazi iliyotakiwa iwe ya kwanza. Pesa za boksi la pili nilizipata kwa kufundisha tuisheni ya biolojia na kwa kuchukua zamu yangu ya chama mapema, kwa hisani ya akina dada walionihurumia.

Kwanza nilitafuta sifuri. Ukitaka kujua kama mizani ni ya kweli, usiweke kitu juu yake uone inasema nini. Kwa panya dume sifuri ni rahisi kuliko kwa binadamu: tezi zilizo juu ya figo za panya hazina kimeng'enya kinachohitajika kuanzisha njia ya kwenda kwenye testosteroni, ndiyo maana hata kotisoli yetu hawana, wana kotikosteroni. Kwa hiyo ukimhasi dume, baada ya siku chache hapana mahali pa maana pa kuitoa. Daktari wa mifugo aliwahasi watatu kwa ajili yangu, baada ya wiki sita za kusubiri kibali kirekebishwe. Seramu yao, ikitiwa moja kwa moja kwenye boksi, ilisomeka nanogramu 1.8. Panya asiye na korodani! Sehemu kubwa ya namba nilizokuwa nikizisherehekea ilikuwa kelele ya seramu yenyewe.

Halafu nikapima kwa kuzimua. Nilichanganya seramu za madume kadhaa, nikaipima nzito, ikizimuliwa mara mbili, na mara nne, kisha nikazidisha kurudisha. Jibu likiwa la kweli, namba tatu zinatakiwa kufanana. Zangu zilikuwa 6.2, 4.1 na 2.9. Mtu mmoja, majina matatu. Halafu nikatia nanogramu 2 za testosteroni ninazozijua kwenye seramu ya waliohasiwa, nikatoa ile kelele, nikarudishiwa 1.2. Majaribio haya matatu yalikula vishimo visivyofika thelathini. Ningeyafanya mwanzo, nisingenunua hata chakula cha panya wale 40.

Dawa yake ilikuwa kuichuja homoni kwa etha. Testosteroni hupenda mafuta, hivyo ukitikisa seramu na etha mara tano ya ujazo wake, homoni inahamia kwenye etha na protini zinabaki chini kwenye maji. Unagandisha sehemu ya maji kwenye barafu kavu, unamimina etha juu, unaiacha ipae chini ya bomba la kufyonza hewa, na kilichobaki unakiyeyusha kwenye kimiminika cha kipimo. Tafadhali, etha usiiweke kwenye friza ya kawaida hata kwa dakika tano. Mvuke wake ukikutana na cheche ya taa ya friza, maabara inaingia kwenye habari za saa tatu. Wala usiipashe moto kwa jiko. Mzee alinisimamia mara tatu za kwanza mikono nyuma kama mwalimu wa zamu.

Baada ya etha, waliohasiwa walishuka karibu na mwisho wa uwezo wa kipimo. Kuzimua kukakubali. Nanogramu 2 zikarudi 1.8. Kwa upande wa juu nilichukua madume wawili wakachomwa hCG, ile homoni ya mimba ambayo kwenye korodani hufanya kazi ya LH (homoni inayoziamuru korodani zitengeneze testosteroni), na baada ya saa mbili testosteroni yao ilipanda hadi ikatoka nje ya mchoro. Sasa nilikuwa na sakafu na dari. Mchoro wenyewe niliacha kuupitishia mstari ulionyooka. Viwango vya ELISA huchora umbo la herufi S lililolala, na kuna programu za bure zinazolifuata umbo hilo kwa vigezo vinne. Mstari wangu wa Excel ulikuwa sawa katikati na mwongo pembeni, na panya wengi walikuwa pembeni.

(Kwenye makala utakutana na nanomoli kwa lita badala ya nanogramu kwa mililita. Zidisha nanogramu kwa 3.47. Nilipoteza jioni nzima nikifikiri panya wa Ulaya ni mafahali.)

Jaribio la pili lilikuwa na panya 24 tu, maji na dozi moja. Niliwaweka kila mmoja kizimba chake na pamba ya kutosha ya kujengea kiota, wiki mbili kabla. Upweke nao ni mzigo kwa panya, si suluhisho safi, lakini ulikuwa mzigo mmoja kwa wote. Niliacha kuwashika mkia. Nilinunua kipande cha bomba la plastiki kwa fundi mabomba, wanaingia wenyewe, unawabeba. Mwaka 2010 watafiti wa Liverpool walionyesha kwamba panya wanaobebwa hivyo huwa na wasiwasi kidogo kuliko wanaonyanyuliwa kwa mkia, na sihitaji takwimu kukubaliana nao, maana baada ya wiki moja walikuwa wananisubiri mlangoni. Damu nilitoa asubuhi sita, kati ya saa tatu na saa tano, panya wanne kwa siku, wawili kila kundi, kwa zamu ya bahati nasibu iliyochanganywa na mwenzangu. Mimi sikujua nani ni nani hadi mwisho. Waliobaki hawakukaa chumba kile. Kwenye sahani makundi yalichanganywa kama pilau, udhibiti kushoto na kulia, na kila kitu kikaingia kwa pipeti ya midomo minane, kwa mpangilio uleule na mwendo uleule. Vishimo pacha vilivyopishana zaidi ya asilimia 15 nilivirudia, kwa sababu safari hii seramu ya kurudia ilikuwepo: etha iliniwezesha kutumia kidogo zaidi.

Na jambo moja ambalo Mzee alilisema kwa kupitia tu, mimi naliona lina thamani kuliko boksi zima. "Pima vifuko vya shahawa." Vile vifuko viwili vilivyojikunja kama pembe za kondoo karibu na kibofu huishi kwa testosteroni. Ikipungua kwa siku kadhaa, vinanywea, ikiongezeka, vinajaa. Damu inakuambia homoni ilikuwa wapi dakika uliyochoma sindano, vifuko vinakuambia ilikuwa wapi wiki nzima. Kinachohitajika ni mizani nzuri na mkono usiovipasua vikamwaga majimaji yake. Gharama: sifuri. Panya 40 wa kwanza nilikuwa nimevitupa pamoja na mizoga.

Matokeo? Kundi la maji lilianzia nanogramu 0.2 hadi 19. Kundi la mukombero, 0.3 hadi 16. Nilitumia namba ya katikati badala ya wastani, kwa sababu mbabe mmoja anatosha kuuvuta wastani wa kundi zima, na namba za katikati zilikaa karibu karibu. Vifuko vya shahawa vilikuwa na uzito uleule. Kwa panya 12 kila upande, na homoni inayorukaruka namna hii, badiliko dogo nisingeliona hata lingekuwepo, na nikaandika hivyo hivyo kwenye tasnifu. Daktari alikata sentensi moja tu niliyojaribu kuiwekea matumaini.

Muhtasari wa kongamano nilikuwa sijautuma. Hilo ndilo nililookoa.

Krismasi nilikwenda Chavakali. Mjomba alikuwa na wateja, nikangoja wamalize. Nikamwambia: mjomba, yale niliyosema kwenye simu nilikosea, sikuona kitu. Akanitazama, akaendelea kufunga kifurushi.

"Mama, hao panya uliwapa na karanga?"

"La, mjomba. Dondoo peke yake."

Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli, akanichagulia mzizi mnene, akaufuta kwa shati. Niliutafuna ndani ya matatu hadi Kisumu.